Mahali pa Kujibu

Sidii ambayo Awino aliiweka juu ya meza yangu wiki iliyopita ilikuwa na mwandiko wangu. Niliutambua hata kabla sijavaa miwani: herufi zilizoinamia kushoto, kwa wino mweusi usiofutika, kama nilivyokuwa nikiandika nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. «Mama Awino. Sauti ya mama yake. Kamili.» Neno la mwisho nilikuwa nimelipigia mstari. Mbele yangu alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa chekechea, ambaye sikuwahi kumwona ila jina lake nilikuwa nimelitamka mara nyingi, kwa kuwa mama yake hatukumwita kwa jina jingine. Aliniambia kwamba mama huyo alikuwa amefariki wiki ile, kwamba wangemzika kwao upande wa ziwa Jumamosi ya pili, na kwamba familia ilitaka sauti ya Dani, bibi yao, isikike kidogo pale kaburini. Lakini sidii ilikuwa ikikwama katikati. Alikuwa amekwenda Gatina kwa Kimeu, fundi niliyemfanyia kazi zamani, na Kimeu akampa namba yangu. Akasema hakuna mwingine anayeweza kuifahamu sidii ile kama mimi niliyeitengeneza.

Kimeu alikuwa amekwisha kunipigia asubuhi hiyo. Siku hizi anatengeneza simu, na sauti yake imechoka, lakini bado ananiita kwa jina la utani alilonipa siku ya kwanza. «Diploma,» alisema, «kuna msichana wa Mama Awino anakuja kwako. Nimemwambia uko sawa, wewe na mamake mlielewana.» Nilimshukuru. Lakini mimi na mama yake hatukuwahi kuelewana. Kimeu aliamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Nilifika katika duka la Kimeu mwaka uliofuata kuhitimu kwangu, nikiwa na cheti kipya na sina kazi. Lilikuwa chumba kimoja cha chini katika jengo la ghorofa nne, upande mmoja bucha, upande mwingine mashine ya kusaga unga. Ukutani Kimeu alikuwa amegongomea trei za mayai ili sauti isirudi, nazo zilikuwa zimekusanya vumbi jeupe la unga hadi zikafanana na kitu kilichooteshwa kwa makusudi. Juu ya meza ndefu kulikuwa na deki mbili za kaseti, mashine ya kuchezea santuri yenye kifuniko kilichopasuka, na kompyuta iliyopepewa na feni ya mezani kutoka nyuma kwa sababu feni yake yenyewe ilikuwa imekufa. Ndiyo miaka ambayo watu walianza kuona aibu kuwa na kaseti. Redio za kuzichezea zilikuwa zikiharibika na hapakuwa na vipuri, na kila mtu alitaka vitu vyake vihamishwe kwenye sidii: nyimbo za harusi, kwaya za kanisa, hotuba za baba waliokufa, santuri zilizopinda kwa kuachwa chini ya paa la mabati. Kimeu alikuwa fundi wa redio kwa miaka mingi na masikio yake yalijua kila kitu, lakini kompyuta ilimtia woga. Mimi sikuiogopa kompyuta, na masikio sikuwa nayo. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Alinifundisha kwa kunicheka. Juma la kwanza nilihamisha kanda ya kwaya moja na kuweka kipimo kisichofaa katika programu, na mwalimu wa kwaya alipovaa spika za masikioni alisikia waimbaji wake wa sauti nzito wakilia kwa sauti nyembamba, mbiombio, kama vifaranga. Kimeu alisikiliza akiwa na kijiko cha githeri mdomoni, akatikisa kichwa, akasema, «Diploma, hawa wazee umewabatiza upya. Wamerudi utotoni.» Mwalimu wa kwaya alicheka mpaka akaketi. Baadaye nikajifunza kwamba mvumo uliokuwa ukiingia katika kila kazi yetu kuanzia saa nne asubuhi haukutoka kwenye kanda hata kidogo, bali ulitoka kwenye mashine ya unga ya jirani, ukipita katika nyaya za umeme, na kwamba dawa yake ilikuwa waya mmoja kutoka mgongoni mwa deki hadi kwenye bomba la maji. Nikajifunza kusafisha hedi, kile kichuma kidogo kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti, na kugeuza skrubu yake kwa robo ya robo mpaka sauti iliyokuwa kama inatoka chini ya blanketi ifunguke. Nikajifunza kwamba santuri inayoruka huponywa wakati mwingine kwa sarafu ya shilingi iliyobandikwa juu ya mkono wa sindano, na kwamba kanda inayolia kama bawaba imekauka na haina haja ya kugombezwa.

Jambo moja sikulijifunza, ingawa Kimeu alilirudia kuliko mengine yote. Kila mteja alipoingia, kabla hajaandika jina lake, Kimeu alimuuliza: «Hapa ndani unataka kusikia nini?» Watu walishangaa, wengine wakakasirika kidogo. Mama mmoja alileta kanda ya harusi akasema anataka kusikia harusi, nini kingine? Kimeu alimngoja tu, na mwisho mama akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mahali fulani kuna mtoto analia wakati wa maombi, na mtoto huyo hayupo tena. Basi Kimeu aliandika pembeni mwa daftari: asiondolewe mtoto. Kisha aliisikiliza kanda nzima, mwanzo hadi mwisho, hata kama ni saa moja na nusu, kabla ya kugusa chochote. Mimi niliona ni kupoteza siku. Niliijua programu, nilijua amri zake, na mawimbi ya sauti niliyaona kwenye kioo kama mtu anavyoona milima kwa mbali, kwa hiyo niliamini kwamba nikiyaona nimeyasikia. Leo kazi yangu ni kuhifadhi sauti za zamani katika maktaba ya chuo, na nikiwafundisha vijana naanza na swali hilo la Kimeu. Huwa siwaambii nililipata kwa njia gani.

Mama Awino alikuja katikati ya mwaka, siku za baridi, alipokuwa akirudi kutoka Lavington alikofua nguo za watu. Alikuwa akikaa Gatwekera, ndani ya Kibera, na kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni, na kanda aliitoa kifuani, ndani ya mfuko wa unga uliokunjwa mara nne. Kimeu hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwao Ukambani kwa mambo ya mahari ya mdogo wake, akaniachia duka kwa juma zima kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeazimia kwamba akirudi atakuta rafu tupu, kazi zote zimekamilika.

«Hii ni mama yangu,» Mama Awino alisema akiniwekea kanda mkononi. Hakusema ni sauti ya mama yake. Alisema ni mama yake, na mimi nikaandika katika daftari: sauti ya mama yake.

Alinieleza kwamba mama huyo hakujua kuandika, kwamba kwa miaka mingi alimtumia maneno kwa kaseti, akizungumza mbele ya redio ya katekista na kumpa kanda mtu anayesafiri kuja Nairobi. Hii ilikuwa ya mwisho. Mama alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Sasa redio yake mwenyewe ilikuwa imeanza kula kanda na aliogopa kuiweka humo tena. Jirani alikuwa amemnunulia mashine ya kuchezea sidii iliyotumika. Alizungumza akisimama, na nadhani alikuwa na mengi zaidi ya kusema, ila nyuma yake walisubiri watu wawili na mimi nilikuwa nimekwisha kufungua kasha la kanda kuangalia hali yake. Sikumuuliza anataka kusikia nini. Nilimwambia kwamba kompyuta haisahau na sidii haioti kutu, na kwamba akituachia kanda yenyewe, kama wengi walivyofanya, hatakuwa na haja nayo tena. Kanda zilizoachwa tulizirekodia mahubiri ya mhubiri mmoja wa pale Gatina aliyewagawia waumini wake. Mama Awino aliitazama mara moja mkononi mwangu. Akasema, haya, kama ni hivyo, kaa nayo.

Ilikuwa kanda ya dakika tisini, na sidii zetu zilichukua dakika themanini. Kimeu alikuwa na jibu rahisi kwa tatizo hilo: sidii mbili. Lakini zilikuwa zimebaki chache, na programu yangu ilikuwa na amri niliyoipenda, iliyotafuta kila mahali penye ukimya na kupaondoa. Niliisikiliza kanda kwa dakika tano, labda sita. Sauti ya mwanamke mzee, kavu, ya karibu sana na maikrofoni, ilisema maneno machache ya Kijaluo kisha ikanyamaza. Nyuma yake nilisikia kuku, mlango, pumzi. Kisha ikasema «Ee,» ikaendelea, ikanyamaza tena. Ukimya mwingine ulifika sekunde ishirini. Sikujua Kijaluo zaidi ya salamu ambazo kila mtu wa Nairobi anazijua, na nikaamua mwenyewe kwamba mzee huyu amesahau alichotaka kusema, au anasubiri mtu amkumbushe. Nakumbuka hata nilimhurumia. Nilidhani namsaidia bibi wa watu asionekane kama akili yake imechoka. Nikatoa amri, na kioo kikafikiri kwa muda, na dakika themanini na nane zikawa sitini na moja. Sauti ikatoka laini, ikifuatana bila kujikwaa. Nilijisifu. Nikaandika neno lile, Kamili, nikalipigia mstari. Jioni, kwa kuwa diski ya kompyuta ilikuwa ndogo na imejaa, nilifuta faili la kwanza, lile lenye kila kitu. Asubuhi niliiweka kanda kwenye deki na kuirekodia mahubiri.

Alirudi baada ya siku tatu, akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kumpokea mgeni. Nilimkalisha kwenye kiti cha Kimeu nikamvisha spika za masikioni. Nilikuwa nikifunga kazi nyingine, kwa hiyo nilimwona kwa pembe ya jicho: alitabasamu, midomo ikafunguka, akaanza kusema kitu, akasita. Akafungua mdomo tena. Alikuwa kama mtu anayetaka kuvuka barabara na magari hayaishi. Kila akiinua mguu anaurudisha. Sauti kutoka masikioni mwake ilinifikia nyembamba, ikisalimia: Oyawore. Na yeye, haraka, Oyawore ahin... lakini mama yake alikuwa amekwisha kupita kwenye neno jingine. Alizivua zile spika akaziweka mapajani.

«Mbona anaongea haraka hivi?» aliniuliza. «Mama hajawahi kunikata.»

Nilimwambia ndivyo ilivyokuwa kwenye kanda. Alitikisa kichwa, kwa upole, kama anayemsahihishia mtoto wake hesabu. «Hapana, nyathina, mwanangu. Yeye akinisalimia ananingoja. Akiniuliza watoto wamekula nini, ananyamaza mpaka nimwambie. Halafu anasema ee, ndio amesikia. Hapo ndio pahali yangu ya kujibu. Mimi hukaa na yeye hivyo, tunaongea.» Akaiangalia kompyuta, kisha mimi. «Hiyo pahali imeenda wapi?»

Hadi leo naweza kukiona kila kitu kilichokuwa juu ya ile meza. Pamba iliyochafuka. Kikombe cha Kimeu. Deki ya pili, ambamo kanda yake ilikuwa ikizunguka wakati ule ule, na mhubiri akihimiza watu watubu, kwa sauti iliyopunguzwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Badala yake nilimuuliza alikuwa akiiweka wapi kanda. Aliniambia juu ya kirafu, karibu na jiko, kwa sababu huko chini panya. Nikashika hapo. Nilimweleza, kwa utulivu na kwa maneno ya kitaalamu ambayo hakuwa na njia ya kuyapima, kwamba joto huikunja kanda, kwamba mahali palipo na sauti ndogo ndipo huungua kwanza, na kwamba kompyuta haiwezi kutoa kisichokuwepo. Alipoomba angalau aione kanda, nilisema ilikatika ikiwa ndani ya mashine. Nilisema yote hayo bila kupandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, «Kumbe ni mimi,» akaifunga sidii katika mfuko ule ule wa unga, akanishukuru, akaondoka.

Kimeu alirudi siku mbili baadaye na viazi vitamu na habari za mahari. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Aliuliza faili liko wapi, nikasema nimefuta. Aliuliza kanda iko wapi, nikaionyesha, na yeye akaitia kwenye deki akaigeuza huku na huku akisikiliza, akitafuta kama kuna mahali mhubiri hakufika. Hapakuwa. Kisha akauliza nimemwambia nini mwenyewe, na nikamjibu kwamba nimemwambia ni joto. Alikwenda nje kwenye bomba akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu, akarudi akijifuta kwa suruali.

«Kanda kuharibika, hiyo ni kazi,» alisema. «Mimi nimeharibu za watu, na nikawaambia. Kesho hapa usije. Enda Gatwekera.»

Nilikwenda. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia Kawangware na sikuwahi kuingia Kibera zaidi ya barabara kuu. Kimeu alinichorea njia nyuma ya karatasi. Nilimkuta Mama Awino Mashimoni, mtaa mwingine wa humo humo, kwenye foleni ya maji, na alipaza sauti kwa watu wote wa foleni kwamba mgeni wake amefika, msichana wa kompyuta, amesoma huyu. Hakuniruhusu nibebe mtungi. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha udongo, kuta zimefunikwa kalenda za miaka iliyopita, pazia la maua likitenga kitanda, sakafu imefagiwa hadi imekuwa ngumu kama saruji. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kirafu kilikuwa kimeng'olewa karibu na jiko. Matundu ya misumari yalikuwa bado pale, na kirafu chenyewe sasa kilikuwa upande wa pili, juu ya kitanda, kitupu isipokuwa sidii moja. Alipika ugali, na omena, dagaa wa ziwa, aliowakaanga kwa nyanya na kitunguu mpaka mchuzi ukashika, na sukuma wiki. Harufu ile ya chumba, ya mafuta ya taa na samaki, ikinijia popote leo hunifanya niweke chini nilichoshika.

Tulipokuwa tukila, jirani mmoja Mluhya alisimama mlangoni na beseni kiunoni, akauliza kwa Kiswahili kama ndiye mimi yule wa kompyuta. Mama Awino alisema ndiye. Nilikuwa nimejaza mdomo. «Huyu alijaribu sana, usimwone mdogo,» alimwambia. «Ni mimi niliunguza mama. Miaka miwili namweka kwa moto kama sufuria.» Jirani akamwambia asijisumbue, si yeye, ni hizi nyumba ni ndogo, mtu ataweka kitu wapi? Walibishana kidogo kwa namna hiyo, mmoja akijilaumu na mwingine akilaumu nyumba, na mimi niliketi katikati yao na sentensi yangu. Hakuna aliyenilaumu. Kama angenifokea, nadhani ningesema. Lakini aliniongezea mboga, akaniambia nile, mkono wangu ni mwembamba kama wa mtu anayelala njaa, nami nikala. Nilikula mpaka sahani ikawa safi. Kisha alinisindikiza mpaka Mashimoni, na tulipoagana alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuniombea nipate kazi nzuri kuliko ile ya duka.

Kimeu aliponiuliza, nilisema, nimemwambia. Akaniuliza, «Akasemaje?» Nikasema alinipikia omena, jambo ambalo lilikuwa kweli. Basi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akasema watu wa ziwa ni hivyo, ukienda na ukweli hawakurudishi na njaa. Kuanzia siku hiyo alinipa ufunguo wa duka. Alianza kuwaambia wateja kwamba huyu msichana akikosea, anakuja mwenyewe mlangoni kwako. Mwisho wa mwaka ule, mteja mmoja aliyefanya kazi katika maktaba ya chuo alimuuliza kama anamjua mtu wa kuaminika, wanataka kuhamisha kanda zao za mahojiano. Kimeu alimpa jina langu, na sababu aliyoitoa ilikuwa ile ile. Nimefanya kazi hapo tangu siku hiyo. Nimepandishwa cheo mara tatu. Kila kitu nilichopata katika kazi hii kimejengwa juu ya ukweli ambao Kimeu anaamini niliusema.

Nimejaribu kujitetea, sitaficha. Nilikuwa kijana. Nilijiambia kwamba ukweli usingemrudishia chochote, kwamba faili limefutwa na kanda imefunikwa, sasa nimwendee na nini? Nilijiambia pia kwamba amekwisha kusahau. Watu wazima wa mtaa wana mengi ya kuhangaikia. Hii ya mwisho ndiyo iliyonisaidia zaidi kwa miaka yote, na ndiyo Awino aliyoiondoa wiki iliyopita, bila kujua, nilipokuwa nikifuta sidii kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni na kujaribu kuisoma kwa mashine inayosoma taratibu.

Nilimuuliza inakwama wapi. Alinijibu kwamba kujua ni vigumu, kwa sababu mama yake hakuiacha itembee hata mara moja. «Alikuwa anaisimamisha,» alisema. Kidole chake kilikuwa hewani, kinabonyeza kitufe kisichokuwepo. «Dani anasalimia, Mama anabonyeza, anajibu. Anabonyeza tena, Dani anaendelea. Hakujua kusoma lakini hizo pahali zote alikuwa anazijua kwa kichwa, hata sekunde hakosei. Tulikuwa tunamcheka. Tukamwambia, Mama, si uache iende? Akatuambia mama yake alikuwa na subira, ni yeye alimuunguza, kwa hivyo kazi ya kungoja sasa ni yake.»

Nilisimamisha mashine. Awino aliendelea, akidhani nangoja asimulie. Alisema kwamba walipohama Gatwekera na kupata nyumba ya vyumba viwili, mama yao alikataa kitu chochote kiwekwe karibu na jiko, hata chumvi. Kwamba wajukuu walichapwa kwa hilo kuliko kwa kosa lingine lolote. Na kwamba hospitalini, siku za mwisho, alipokuwa amechanganyikiwa kidogo, aliomba radhi kwa Kijaluo kwa mtu ambaye hawakumwona, akieleza mambo ya panya na kirafu. Alisema haya kwa tabasamu la huzuni, kama watu wanavyosimulia vituko vya wazazi wao.

Nilimweleza wakati huo huo. Nilianza na dakika tisini na themanini, nikapitia amri ya programu, faili, mahubiri, swali langu kuhusu kirafu, sahani ya omena, na nililomwambia Kimeu. Sikulipamba. Alinisikiliza akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na tabasamu lilimtoka polepole mpaka uso ukabaki wa mtu nisiyemjua. Nilipomaliza nilimwambia kwamba sauti yenyewe imesomeka, naweza kumpa nakala safi leo, na kwamba kama anakumbuka mama yake alikuwa akisimamisha wapi na kwa muda gani, tunaweza kurudisha nafasi. Ila haitakuwa na kuku wala mlango wala pumzi, kwa sababu ukimya wa kompyuta hauna kitu ndani yake.

«Miaka ishirini,» alisema. «Ulikuwa unajua nyumba yetu.»

Nikasema nilikuwa naijua.

«Ulikula kwake.»

Nikasema ndiyo.

Alisimama, nikadhani anaondoka, na sikuwa na haki ya kumzuia. Lakini alikuwa anatafuta karatasi mkobani. Ilikuwa ratiba ya mazishi, iliyochapwa, yenye majina na marekebisho ya kalamu: familia, kanisa, wanawake wa chama, majirani. Akaiweka juu ya meza yangu, akaivuta kalamu yangu bila kuomba.

«Mimi huwezi kuniambia, halafu basi,» alisema. «Si mimi niliambiwa niliunguza mtu. Kwetu kabla marehemu hajafunikwa watu huja mbele wanamwambia yaliyo moyoni. Utakuja umwambie, na watoto wake na wajukuu wasikie.»

Aliandika jina langu baada ya wanawake wa chama. Hakuuliza aandike mimi ni nani wa marehemu, na mbele ya jina akaacha wazi. Akaniambia nitapewa dakika tano, na kwamba katekista atatafsiri. Nilimwambia sihitaji dakika tano. Basi la kwenda huko linaondoka kesho alfajiri, nimekwisha kukata tiketi, na ninachokwenda kusema ni kifupi: kanda haikuungua, Mama Awino. Niliikata mimi.